Kutu Kwenye Bunduki ya Vitomir

Kama kuna mtu aliyezaliwa na kinyaa, basi ni Vitomir wa Brezovac. Wengine huzaliwa na sauti nzuri au miguu ya kucheza ngoma. Yeye alizaliwa amekunja pua. Alichukia unywele kwenye sabuni, matope kwenye kizingiti, kikombe chenye alama ya midomo, na padri aliyepenga kamasi kabla ya kubariki nyumba. Akipeana mkono na mtu, mkono wake ukirudi ulipita kwanza kwenye suruali kufutwa, bila kificho, mbele ya mwenye mkono. Tulimzoea. Kijiji chetu kiko juu milimani, watu tumebaki wachache, na huwezi kuanza kuchagua majirani.

Maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye kiwanda cha mbao kule bondeni, na huko msumeno ulimchukua kidole cha kati cha mkono wa kulia. Hata kisa hicho hakukisimulia kama watu wengine. Maumivu hakuyataja kabisa. Alichosimulia ni jinsi sakafu ilivyokuwa chafu pale kidole kilipoangukia, na jinsi mwenzake alivyokiokota kwa gazeti lililokuwa limefungiwa samaki.

"Gazeti la samaki!" alisema hata baada ya kustaafu. "Kidole changu! Si bora angekiacha hapohapo?"

Vitu viwili tu havikumtia kinyaa: bunduki yake na kabichi yake.

Bunduki ilikuwa karabina ya kuwindia nguruwe mwitu, aliyoinunua akiwa kijana, na aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Tulipokusanyika asubuhi ya kuwinda, alipita kwa kila mtu, akachungulia mtutu wake dhidi ya mwanga, kisha akaurudisha kwa ncha za vidole. "Humu umefuga kuku?" aliuliza. Au, "Mama yako anajua unaishi hivi?" Radisav, mkuu wa wawindaji wetu, mtu mnene mwenye moyo mweupe, alicheka tu. Wengine hatukucheka. Kuambiwa mchafu mbele ya watu kunauma, hata kama ni kweli.

Na kabichi, kwetu, ni roho ya nyumba. Kila vuli kila nyumba hujaza pipa vichwa vizima vya kabichi, humimina maji ya chumvi, hufunika kwa kifuniko cha mbao, na juu huweka jiwe. Kisha kila baada ya siku kadhaa maji hufunguliwa kwa bomba la chini ya pipa na kumiminwa tena juu, ili kabichi ichachuke vizuri isioze. Kwingine kazi hii hufanywa na yeyote aliye karibu. Kwa Vitomir, marufuku. Mkewe Stojanka hakuruhusiwa kugusa hata jiwe.

"Mikono yako inanuka vitunguu," alimwambia.

"Inanuka vitunguu kwa sababu wewe unakula," Stojanka alijibu, akaenda zake.

Basi ilikuwa yeye, akizamisha mkono pipani mpaka kwenye kiwiko, akipanga vichwa, akionja maji, akikung'uta matone na kujifuta kwenye aproni. Hakunawa. Kwa nini anawe? Maji ya kabichi kwetu si uchafu. Asubuhi baada ya harusi tunayanywa kwa bilauri kutoa ulevi kichwani, na mtoto mwenye koo bovu tunampa vijiko viwili vitatu. Nani atanawa baada ya kushika dawa?

Ilipokuja sheria kwamba kila bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani, Vitomir alitaka kuliweka kwenye sebule ya wageni. Stojanka alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kabati la bunduki chini ya picha ya Mtakatifu Nikola? Utanizika kwanza."

Kwa hiyo kabati likafungwa kwenye stoo ya chakula, likatazamana na pipa, na ufunguo ukawekwa nyuma ya picha ya mtakatifu, mahali ambapo nyumba nzima ilijua. Vitomir aliridhika. Kila alipomaliza kabichi yake alifungua kabati, akaitoa bunduki, aliyoiita bibi yake, kwa kumshika mtutuni, akamwangalia, akampitishia kitambaa chenye mafuta kilichoning'inia kwenye msumari juu ya pipa, akamrudisha, akausukuma mlango. Alikuwa na furaha humo ndani. Sijui kama alikuwa nayo mahali pengine.

Nilisema nyumba nzima. Nyumba nzima ilikuwa watu wanne, na wa nne ndiye aliyekuwa mwiba.

Ognjen alikuwa mkwe aliyehamia kwa wakwe, jambo ambalo kwetu bado linachekwa, ingawa sasa kicheko kina wivu ndani yake. Watoto wa wengine wetu wako Vienna, na madirisha yetu ni giza tangu saa ya chakula cha jioni. Verica, mtoto pekee wa Vitomir, alirudi na mume, akasema watakaa. Chumba chao kilikuwa kile kilichoshikana na jiko kubwa, kikavu na chenye joto kuliko vyote. Msimu huo Verica alikuwa mjamzito. Vitomir alichonga kitanda cha mtoto kwa mbao za mwaloni, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu, akakipeleka chumbani mwao mwenyewe. Ukiuliza mzee yule alitaka nini duniani, ni hicho tu: dirisha lile liwe na taa, na ndani yake mtoto alie.

Ila Ognjen alifanya kazi kiwanda cha jibini, na mikono yake ilikuwa na unyevu daima. Mikono myeupe, laini, yenye harufu ya maziwa. Tangu siku ya posa, Vitomir aliposhikana naye mkono kwa mara ya kwanza, roho ilimchafuka.

"Kama kumshika chura," alimwambia Stojanka usiku ule ule.

"Si wewe unayeolewa naye."

Ognjen aliona. Nani asingeona? Kila asubuhi alimsalimia baba mkwe, na kila asubuhi aliona kiganja cha mzee kikipita kwenye suruali. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na wazee wa aina ya Vitomir hudhani anayenyamaza hana cha kusema.

Kabla tu ya mfungo wa Krismasi tuliitwa kuwinda. Vitomir alitoa bunduki mchana wa kuamkia siku hiyo, akaiweka mezani juu ya gazeti, na hapo akaona kutu.

Haikuwa nyingi. Madoa ya rangi ya chungwa, karibu na pale mtutu unapoingia kwenye mbao. Lakini mzee alisimama kana kwamba amekuta funza kwenye nyama. Alichukua miwani, akainama, akatoa sauti kooni.

"Stojanka! Njoo uone. Njoo uone kinyaa hiki!"

"Ni kutu," alisema Stojanka.

"Ni kutu! Ndani ya nyumba yangu!"

Hakwenda kuwinda. Alisema ana homa. Siku zilizofuata alitafuta chanzo kama mtu anayetafuta panya. Kwanza alishuku mafuta, kwa kuwa aliletewa na Radisav, na Radisav ni mtu wa kununua chochote. Akapaka msumari mpya mafuta yale, akauacha dirishani. Msumari ukabaki safi. Kisha akashuku ukuta. Akaweka gazeti ndani ya kabati, likatoka kavu kama lilivyoingia. Akapiga tochi kwenye kila pembe, akanusa, akapapasa. Hakuna jasho la ukuta, hakuna tone.

Ndipo alipoirudia bunduki yenyewe na kuyatazama madoa vizuri. Yalikuwa matatu, marefu kidogo, yamelala sambamba kuuzunguka mtutu. Alama za vidole. Mkono ulioshika.

Nimekwisha kusema alikuwa na kinyaa, sasa niseme pia kwamba kinyaa kinapofusha. Aliona vidole, na palepale akaona vidole vya nani. Vitatu tu? Bila shaka vitatu! Mtu yule asiye mwindaji angeshikaje bunduki? Kwa ncha za vidole, kama anayembeba panya aliyekufa kwa mkia. Mikono yenye majimaji, ufunguo nyuma ya picha, mzee akiwa nje anapasua kuni. Kesi imekwisha.

Jumapili waliketi kula, nyama ya mwisho kabla ya mfungo. Stojanka alikuwa anagawa supu. Vitomir aliinuka, akaenda kwenye sinki, akarudi na kipande cha sabuni, akakiweka mezani mbele ya sahani ya Ognjen.

Verica alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Baba, ni nini hicho?"

"Muulize mumeo. Mwambie anawe kabla ya kugusa vitu vya watu."

"Vitu gani?" aliuliza Ognjen.

"Usinifanye mtoto, mkwe. Bunduki yangu ina kutu, na kutu ina vidole. Hakuna mwenye mikono kama hiyo hapa. Mimi nimekuvumilia. Nimekula mkate uliokatwa na mikono hiyo, nikafumba macho nikameza. Lakini bunduki yangu, hapana."

"Mzee wewe, nyamaza," alisema Stojanka.

Ognjen aliitazama sabuni. Shingo yake ilipanda wekundu. "Baba," alisema polepole, "mimi bunduki yako sijaigusa. Sijui hata inafunguliwaje."

"Ndiyo maana umeiharibu!"

Verica alisimama, mkono tumboni. "Baba, mwambie umekosea."

"Nimwambie nini? Nimetafuta kila mahali. Mafuta, ukuta, kila kitu. Imebaki mikono."

"Mwambie umekosea, au tunaondoka."

Vitomir alimtazama binti yake, kisha sabuni, kisha dirisha. Akaivuta sahani yake. Verica aliondoka mezani, na Ognjen akamfuata, na supu ikabaki ikitoa moshi mbele ya wazee wawili. Jioni ile Verica alimwambia mama yake kwamba wamepata pa kukaa mjini Čačak, kwa shangazi yake Ognjen. Watangoja sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa nyumba yao, kwa sababu nyumba ikivunjika kabla ya siku ya mtakatifu wake watu hawataacha kuuliza. Baada ya hapo, wanashuka.

"Kama hajaomba radhi," alisema Stojanka.

"Kama hajaomba radhi," alisema Verica. Kwa hiyo mlango ulikuwa bado wazi, na Vitomir alijua, kwa sababu Stojanka alimwambia usiku na mchana.

Aliisafisha bunduki mpaka ikang'aa. Ufunguo akautoa nyuma ya picha, akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni, akalala nao. Akaendelea na kabichi yake kama kawaida, na kila alipomaliza kabichi, alimwangalia bibi yake.

Na kutu ikarudi. Palepale, alama tatu, kana kwamba hakuwahi kuzifuta.

Hapa ndipo ninapomchukia, naomba nisamehewe. Maana aliisimamia bunduki ile na ufunguo ukiwa unamgusa kifua, na akili yake ilimwambia wazi kwamba mkwe wake hana kosa. Angeweza kutoka stooni, hatua chache tu, akabisha mlango wa kile chumba karibu na jiko. Sauti zao zilisikika wakipanga nguo. Badala yake alichukua sufu laini ya chuma, akasugua, akapaka mafuta, akafunga kabati. Akajiambia kwamba huenda mkwe ana ufunguo wa pili. Hakuamini. Alijiambia tu. Siku zilipita, masanduku yakajaa, naye akakaa mezani anatafuna maharage ya mfungo, kimya, shingo imevaa ufunguo.

Asubuhi ya sikukuu theluji ilikuwa imetanda. Jikoni kulikuwa na samaki, maharage, na sarma za mfungo, majani ya kabichi yaliyoviringishiwa mchele na uyoga. Stojanka alimtuma stooni kuleta vichwa viwili zaidi vya kabichi kwa saladi. Vitomir alizamisha mkono pipani, akatoa kabichi, na kwa kuwa mlango wa kabati la chuma, alioufungua asubuhi ile kumwangalia bibi yake, ulikuwa umeachia kidogo, akausukuma kwa kiganja kilicholowa. Mwanga wa theluji uliingia kidirishani ukapiga mlango ule, na akaona pale ambapo rangi ilikuwa imebabuka. Kutu. Kidole cha shahada, kisha pengo, kisha vidole viwili. Maji ya kabichi yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye mkono wake mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya alama zile zile, bila kupita nje hata kidogo.

Alikiangalia kiganja chake. Kidole cha shahada, pengo, vidole viwili.

Akashusha kitambaa cha mafuta kutoka kwenye msumari juu ya pipa, akakinusa. Kilinuka uchachu wa miezi. Chumvi na uchachu alikuwa amempaka bibi yake kwa mikono yake, kila mara, kwa upendo, na kumfutia kitambaa kilichojaa mvuke wa pipa. Mikono mingine haikuhusika.

Alitoka nje kwa mlango wa nyuma, akainama, akatapika kwenye theluji. Halafu akasugua mikono kwa theluji mpaka ikauma, akarudi ndani akainawa kwa sabuni, akainawa tena, na bado aliinusa. Kwa mara ya kwanza maishani mtu aliyemtia kinyaa alikuwa ndani ya shati lake.

Tulifika mchana. Tulipeana naye mikono, tukashangaa: hakujifuta. Mkono wake ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi. Radisav alinikonyeza. Mshumaa uliwashwa, tukasimama kuuzunguka mkate wa sikukuu. Kwetu mkate ule hushikwa na mwenye nyumba na yule atakayeirithi. Huuzungusha pamoja, huuvunja, kisha hubusiana. Vitomir aliushika upande mmoja. Ognjen hakusogea mpaka Stojanka alipomgusa mgongoni.

"Ngoja," alisema Vitomir. Aliuweka mkate chini, akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha sabuni, akakiweka mbele ya sahani yake mwenyewe. "Jirani zangu, mnajua nilimsingizia mkwe wangu. Kijiji kizima kinajua, msijifanye. Kutu ile ni yangu. Ni mkono huu." Aliuinua, na pengo lake. "Nimeupaka maji ya kabichi, nikaipaka bunduki. Mchafu ni mimi. Mkwe, nisamehe."

Kisha Radisav akapasuka kwa kicheko, "Ee bwana, umeitia bunduki kwenye pipa!" na wengine tukamfuata, kwa nafuu tu. Stojanka alilia. Hata Ognjen, uso ulilegea. Nilidhani yamekwisha, na Vitomir pia alidhani, nilimwona. Ile furaha ikamponza, akaanza kusimulia, maana alikuwa fundi wa kusimulia jinsi alivyochunguza. Msumari, gazeti, tochi.

"Na nikaisafisha, nikauvaa ufunguo shingoni, na bado, jamani, bado ikarudi! Hapo ndipo nilipojua si..."

Aliuma ulimi. Alikuwa amechelewa.

"Lini?" aliuliza Verica.

"Nini lini, mwanangu?"

"Kutu ilirudi lini, baba? Ufunguo ukiwa shingoni mwako. Lini?"

Mshumaa ulikuwa unalia nta. Vitomir alitazama meza. "Mwanzo wa mfungo," alisema.

"Mwanzo wa mfungo," alirudia Verica. "Tangu hapo mpaka leo. Unatusikia tunafunga masanduku. Unajua si yeye, na unakula."

Vitomir aliisogeza sabuni pembeni ya sahani yake.

Ognjen ndiye aliyeuinua mkate. Aliushika upande wake, akangoja. Vitomir akashika wa kwake, wakauzungusha, wakauvunja, mzee akainama wakabusiana kama desturi inavyotaka. Vidole vyao viligusana chini ya mkate. Kisha Ognjen aliurudisha mkono wake, na taratibu, bila kificho, mbele yetu sote, akaupitisha kwenye suruali.

Waliondoka asubuhi yake. Kitanda cha mtoto hakikuenea kwenye gari, au ndivyo walivyosema.

Mtoto alizaliwa Čačak, wa kiume, na huletwa Pasaka, mchana, akarudishwa kabla ya giza. Radisav ndiye aliyemsaidia Vitomir kuhamisha kabati la chuma kutoka stooni. Walilifunga kwenye ukuta wa kile chumba kilichoshikana na jiko, kwa kuwa ndicho kikavu kuliko vyote na sasa kina nafasi. Majira ya kuwinda yakifika mzee hutuletea bunduki yake tuichungulie, na tunaichungulia, na kweli inang'aa mpaka ndani. Haijashika kutu tena.